Kombe Lililoganda Sahanini

Kati ya chupa zile mbili, ni ipi iliyomiminwa juu ya sahani ya mama mkubwa? Nimejiuliza swali hili mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya friji iliyo wazi, baridi ikinipiga magotini, na mpaka leo sina jibu ninaloweza kulitetea. Ikiwa ilikuwa chupa nzito, basi kilichotokea Jumatatu ile ni kemia ya kawaida ambayo ningeweza kuiandika ubaoni kwa mistari mitano. Ikiwa ilikuwa ile nyepesi, basi sijui niliona nini. Nami nina hakika, kwa kadiri mtu awezavyo kuwa na hakika na mikono yake mwenyewe, kwamba chupa nzito nilikwenda nayo shuleni asubuhi.

Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari, na ninaishi Mwabungo katika nyumba ya mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba. Niliondoka kwake kwenda chuo kikuu, nikaolewa mbali, nikaachika, nikarudi na masanduku mawili na vitabu vyangu. Hakuniuliza lolote. Alinionyesha kitanda changu cha zamani, akaniambia kwamba chandarua kimetoboka upande wa ukutani. Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba nyumba ile si yangu, friji ile si yangu, na kwamba nilipoweka humo vitu vya maabara pamoja na tui na samaki sikumwomba mtu ruhusa.

Mama mkubwa alikuwa na sukari kwa miaka mingi, na mwaka ule sukari ilishuka mguuni. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilibadilika rangi, vikawa kama tende zilizokauka. Madaktari wa hospitali ya Msambweni walimweleza wazi: vidole vikatwe kabla ubaya haujapanda, kwani ukipanda utakatwa mguu, na ukizidi kupanda hakutakuwa na cha kukata. Walimpa siku. Siku ile ilipofika hakuonekana. Alikuwa amekwenda Bodo kwa jamaa zake na akakaa huko wiki tatu, hali simu yake iko chini ya mto wake nyumbani, inaita peke yake. Wakampa siku ya pili. Safari hii alikubali. Angelazwa Jumatano asubuhi na kupasuliwa Alhamisi. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kwanza anywe kombe siku tatu.

Kwa asiyelijua, kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Wino ukikauka, sahani humiminiwa marashi ya mawaridi yaliyochanganywa na maji, huzungushwa taratibu mpaka maandishi yote yayeyuke, na mgonjwa huyanywa maji yale ya manjano. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemwandikia sahani tatu alikuwa mtu wa busara. Alimwambia mbele yangu, "Kombe unywe, na mguu uupeleke hospitali. Mimi sikuandikii ili ukimbie." Mama mkubwa aliitikia kama mtoto mtiifu.

Jumapili, alipokunywa kombe la kwanza, mimi nilikuwa jikoni nikitayarisha somo. Mtu niliyesoma naye chuo kikuu, ambaye sasa anafanya kazi katika kiwanda cha dawa Mombasa, alikuwa amenipa pakiti ya vipande vyeupe vilivyofanana na sabuni iliyoparwa. Ni polima ya aina ya pekee. Polima za kawaida ni mnyororo mrefu wa pete zinazofanana. Hii ina mapande matatu yaliyoungwa: mapande mawili ya pembeni hupenda maji, na pande la katikati huyachukia. Haiyeyuki vizuri katika maji ya moto, kinyume cha sukari na chumvi. Huyeyuka katika baridi. Unainyunyizia maji baridi, unaiacha kwenye friji mpaka siku ya pili, na unakuta maji maangavu kabisa, kana kwamba hukutia kitu.

Shule yetu haina friji. Ndiyo sababu nilitumia ya nyumbani. Nilitengeneza maji ya aina mbili, mazito yenye sehemu moja ya polima kwa sehemu nne za maji, na mepesi yenye kijiko kimoja tu kwa chupa nzima. Na kwa kuwa katika nyumba zetu chupa ya marashi haitupwi, niliosha chupa mbili tupu za marashi ya mawaridi nikazijaza. Nikazibandika karatasi zenye maandishi. Karatasi, kama ningalifikiri dakika moja, hazidumu kwenye ubaridi wa friji ya pwani. Hutota, hulegea, huanguka.

Jambo nililotaka kuwaonyesha wanafunzi ni hili. Katika baridi, maji huweza kuivumilia hata ile sehemu ya katikati inayoyachukia. Huikumbatia kwa shida, lakini huikumbatia. Joto likipanda, maji huiachia. Hapo minyororo haina pa kukimbilia ila kwa wenziwe. Hukusanyika kwa makumi, sehemu za katikati zikijificha ndani pamoja, ncha zikibaki nje zikiyaelekea maji. Kila mkusanyiko ni kama mpira mdogo usioonekana kwa jicho. Huitwa miseli. Maji yakiwa mepesi, miseli huelea mbalimbali na huoni tofauti yoyote. Yakiwa mazito, husongamana mpaka hakuna anayeweza kusogea, na chupa nzima hushikana ikawa jeli ngumu. Kwa ufupi, ni maji yanayoganda kwa joto na kuyeyuka kwa barafu.

Nilipofundishwa mara ya kwanza jinsi miseli inavyojipanga, katika ukumbi wa chuo kikuu wenye viti mia mbili, nilishikwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu. Nilikuwa na miaka saba mama yangu alipofariki. Walimwogesha katika chumba cha nyuma cha nyumba hii. Wanawake wanne walishika shuka nyeupe kwa pembe zake, wengine wakasimama kuizunguka, nyuso zikitazama ndani, migongo ikitutazama sisi. Nilisimama kizingitini. Nilichokiona ni migongo, leso zilizofungwa viunoni, na maji yakitiririka kwa chini mpaka kwenye vidole vyangu. Duara halikuwa na ufa hata mmoja. Mhadhiri alichora ubaoni duara lenye mikia iliyoelekea nje, akasema kwamba kilichomo ndani hakionwi na maji, na mimi nikahisi ubaridi vidoleni.

Jumatatu asubuhi nilichukua chupa niliyoijua kuwa nzito kwa jinsi maji yake yanavyokwenda polepole ikiinamishwa, nikaitia katika kikasha chenye barafu, nikaenda shuleni. Somo lilifana. Nilimimina maji yale kwenye bika, gilasi ya maabara, lililoachwa juani, na mbele ya macho yao yakashikana. Nikaligeuza bika juu chini. Hakikuanguka kitu.

"Mwalimu, haya ni maji ya majini," alisema mmoja wa nyuma.

"Yanatengenezwa Ulaya," nikamjibu.

"Basi ni majini ya Ulaya."

Mwenzake akauliza, "Mtu akiyanywa atakuwaje?"

"Ataenda haja vizuri. Yamo katika dawa za tumbo, na katika dawa nyingine nyingi. Kiwandani huyatumia kubeba dawa zinazokataa kuyeyuka katika maji."

Walicheka mpaka kengele ikalia. Nilimwaga jeli yote, nikaosha bika, nikaosha na chupa. Nasisitiza hili: niliiosha chupa, nikarudi nayo ikiwa tupu mkobani.

Nilifika nyumbani baada ya alasiri. Jambo la kwanza nililolihisi ni ukimya. Redio ya mama mkubwa, ambayo huwa haizimwi ila kwa adhana, ilikuwa imezimwa. Harufu ya udi ilitoka mpaka nje. Jirani yetu, mwanamke wa makamo yangu aliyekuwa akimsaidia mama mkubwa kuosha kidonda na kuandaa kombe, alisimama mlangoni kana kwamba alikuwa akinisubiri.

"Pita kwa mguu wa kulia," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mama," nikasema nilipoingia.

"Marahaba. Umetawadha?"

"Natoka shuleni, mama. Kuna nini?"

"Katawadhe kwanza. Kisha uje utazame."

Nilitawadha. Niliporudi, jirani alifunua kitambaa cheupe kilichokuwa mezani. Chini yake palikuwa na sahani ya pili ya kombe. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akaigeuza juu chini, akaishika juu ya kichwa chake mwenyewe kama mtu anayejikinga mvua. Alitabasamu. Hakuna tone lililodondoka. Mwangaza wa dirishani ulipita ndani ya kile kilichokuwa sahanini, na nikaziona herufi. Hazikuwa zimeshikamana na sahani tena, wala hazikuwa zimeyeyuka. Zilikuwa zimeinuka kidogo kutoka mahali zilipoandikwa, zikasimama katikati ya kitu kiangavu, za manjano, kila moja na nukta zake, zimening'inia juu ya nywele za jirani yangu.

"Nilimimina kama jana," akasema akiirudisha mezani. "Marashi nimeyatoa kwenye friji. Sahani ilikuwa dirishani inakauka, ina joto la jua. Nikatia na maji kidogo ya mtungini. Nikazungusha hivi, moja, mbili. Ya tatu, mkono ulizunguka, maji yakabaki."

"Yakabaki vipi?"

"Yakabaki, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma, tueleze."

Mama mkubwa alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mto. Sikuwa nimemwona na uso ule kwa miezi. Ulikuwa uso wa mtu aliyepokea barua aliyoingojea.

"Maneno yamekaa," akasema. "Yameambiwa yaondoke, hayakutaka kuondoka mahali pake. Nami nimeelewa."

"Umeelewa nini, mama?"

"Kwamba hakuna kitu changu kitakachoondolewa mahali pake."

Alikuwa akitazama vidole vyake.

Nilikwenda jikoni. Nilikuwa nimekwishajua, au nilidhani hivyo. Katika friji palikuwa na chupa mpya ya marashi halisi, iliyonunuliwa baada ya ile ya Jumapili kwisha, haijafunguliwa hata kizibo chake, na chupa yangu iliyobaki, nusu yake imetumika. Kipande cha karatasi kilichotota kilikuwa chini ya rafu, wino wake umetawanyika. Walikosea chupa, hilo ni wazi, na kosa lilikuwa langu. Nilishusha pumzi. Kisha, kwa mazoea ya kazi tu, nilimimina vijiko viwili vya yaliyobaki katika kikombe, nikakisimamisha ndani ya maji moto ya birika, nikangoja yagande.

Hayakuganda. Niliongeza maji moto. Nilitikisa. Yalibaki mepesi kama maji ya kunywa, kama yalivyopasa kuwa, kwa kuwa ile ilikuwa chupa nyepesi, kijiko kimoja kwa chupa nzima. Maji ya namna ile hayana miseli za kutosha kusongamana hata ukiyachemsha. Na jirani alikuwa ameyapunguza nguvu zaidi kwa maji ya mtungini. Nilisimama na kikombe mkononi. Chumbani mama mkubwa alikuwa akicheka jambo aliloambiwa na jirani, na kicheko chake kilikuwa cha msichana.

Nimetafuta maelezo tangu siku ile. Huenda chupa iligusa sehemu ya kugandishia, maji yakawa barafu upande mmoja, na yaliyomiminwa kwanza yakawa yale mazito yaliyosalia. Nilimuuliza jirani, alisema hakuona barafu. Huenda polima haikuchanganyika vema, ikakaa tabaka. Huenda nilikosea kupima. Kila moja kati ya hizi inawezekana, na hakuna hata moja ninayoiamini asubuhi ninapoamka.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba sikusema. Nilipaswa kurudi chumbani wakati ule ule, kikombe mkononi, na kusema: mama, mmekosea chupa, hii ni ya shuleni. Badala yake niliosha kikombe. Nimejipa sababu nyingi. Nilijiambia kwamba siwezi kueleza nisichokielewa. Nilijiambia kwamba amefurahi, amekula wali sahani nzima, mwache hata siku moja. Sababu ya kweli ilikuwa ndogo na ya aibu. Niliona haya kukiri kwamba nimeweka kemikali za shule katika friji ya mwenyewe, kwenye chupa ya marashi, mahali ambapo mgonjwa angeweza kuzinywa. Naye alikuwa amekwisha kuonja. Jirani alimlisha kijiko kutoka ukingoni mwa sahani. Nilimpigia simu mwenzangu wa kiwandani nikamwuliza kwa mzaha kama ile polima inadhuru. "Kwa kijiko?" akacheka. "Ulikuwa na njaa?" Nikacheka naye.

Jumanne sahani ya tatu ilibaki kavu dirishani, na wanawake wa mtaani walikuja kuitazama ya pili. Hawakuja kwa kelele. Waliingia wawili wawili, wakavua viatu, wakatazama, wakatoka wakiwa wamefunika midomo kwa mitandio. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya kulazwa, hata hivyo katika nyumba ile hakuna aliyetaja kulazwa. Mkoba wa hospitali ambao tuliufunga pamoja ulikuwa umerudishwa juu ya kabati. Mwanamke mmoja aliomba kijiko cha kumpelekea mumewe mwenye kikohozi.

"Hili ni la mguu," mama mkubwa akamjibu. "Kikohozi kakiandikishie chake."

"Nusu kijiko, bibi."

"Mumeo anavuta sigara. Ataliunguza."

Wote walicheka, na kicheko kilikatika ghafla, kila mmoja akitazama mezani, kana kwamba waliogopa kwamba sahani imewasikia.

Herufi zilikuwa zikibadilika. Jumatatu zilikuwa nyembamba, na kingo zake zilikuwa kali. Jumanne adhuhuri zilikuwa zimevimba. Rangi ilikuwa ikisambaa polepole ndani ya jeli, jambo ambalo ningelitegemea. Hakuna kinachokaa palepale milele, hata mahali palipoganda. Lakini kuyajua haya hakunisaidia nilipoketi peke yangu mezani, jua la adhuhuri likiwa kali nje, kunguru wote wamenyamaza, nikitazama maneno yakinenepa kidogo kidogo mbele yangu. Kila nilipoinua macho na kuyarudisha, nilihisi yamepumua.

"Yanakua," mama mkubwa akasema kutoka kitandani. Nilidhani amelala.

"Ndiyo, mama."

"Wewe hupendi. Nakuona. Umekaa kama ulivyokaa kizingitini siku ile."

Hakuwahi kunitajia siku ile hata mara moja kwa miaka yote niliyoishi naye. Sikujua kama alikuwa ameniona. Alikuwa mmoja wa walioshika pembe za shuka. Mgongo wake ndio uliokuwa mbele yangu.

Alasiri jirani alikuwa na shughuli kwake, nikamfunga kidonda mimi. Nilipoondoa bandeji ya zamani, harufu ilipanda juu ya udi, juu ya marashi, harufu nzito tamu ambayo niliijua bila kufundishwa na mtu. Kidole cha tatu kilikuwa kimeanza kuwa na rangi ya tende. Nilikibonyeza kwa ncha ya kidole changu. Nikabonyeza zaidi.

"Unasikia maumivu, mama?"

"Siumwi kabisa. Tangu jana siumwi." Alinitazama kwa upole. "Unaona sasa?"

Niliona. Mguu ule ulikuwa haumuumi kwa sababu mishipa yake ya fahamu ilikuwa imekufa, na yeye aliuchukua ukimya wa mguu kama alivyouchukua ukimya wa sahani. Nilimfunga bandeji mpya taratibu. Nilielewa kwamba kama kesho itapita, hatutapewa siku ya tatu, au tutapewa ya kitu kingine kikubwa zaidi ya vidole. Na nilielewa kwamba nilikuwa nimesimama na wale wanawake walioshika shuka, mgongo wangu nje, nikificha kitu kilichomo ndani ili yeye asikione. Niliazimia kumwambia asubuhi. Nilihitaji barafu, ambayo huuzwa asubuhi tu kwenye banda la samaki. Hicho nacho kilikuwa kisingizio, najua, lakini kilikuwa cha mwisho.

Jumatano nilitoka kabla ya jua kupanda, nikanunua barafu ya samaki, nikaileta ndani ya beseni. Jirani alikuwa amekwisha kufika na alikuwa akimpa mama mkubwa chai isiyo na sukari. Niliweka beseni mezani, kando ya sahani.

"Samaki gani huyo?" akauliza jirani.

"Si samaki. Mama, nataka nikuambie jambo, na nakuomba usinikatize."

Niliwaambia. Niliwaambia kuhusu pakiti, chupa, karatasi iliyoanguka. Niliwaambia kwamba yale hayakuwa marashi, kwamba ni maji niliyoyatengeneza kwa ajili ya wanafunzi, yanayoganda kwa joto na kuyeyuka kwa baridi. Niliinyanyua sahani nikaikalisha juu ya barafu, na tukangoja watatu sisi, tukitazama. Kwa muda hakikutokea kitu, na nakiri kwamba katika muda ule niliogopa kwamba hakitatokea. Kisha ukingo ulilegea. Uso wa jeli ukatikisika kama utando wa maziwa. Herufi ya kwanza ikainama, ikajinyoosha, ikawa uzi wa manjano, na nyingine zikaifuata, mpaka sahani nzima ikawa maji ya rangi moja, yasiyo na neno hata moja.

Mama mkubwa hakunitazama. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Leo?"

"Jumatano."

Alihesabu kwa vidole vya mkono, polepole, kana kwamba hesabu ilikuwa ngumu. "Ukaniacha nialike watu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na una hakika? Kwamba ni maji yako tu, hapana jingine?"

Hapo ndipo ningeweza kudanganya kwa faida yake. Nilifikiria kikombe kile ndani ya maji moto, na yale yaliyokataa kuganda.

"Sina hakika ya yote," nikasema. "Chupa iliyobaki haikupaswa kuganda. Nimeijaribu, haigandi. Sijui kwa nini iliganda kwenu. Lakini kidole cha tatu kimeanza kuoza, mama. Nimekiona kwa macho yangu, na nimekibonyeza hukusikia. Mguu nina hakika nao."

Jirani alikuwa akilia bila sauti, akijifuta kwa upindo wa leso. Mama mkubwa aliinama, akaunyoosha mkono mpaka kwenye bandeji, akabonyeza mahali nilipobonyeza mimi. Akabonyeza tena, kwa nguvu, akitazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Teremsha mkoba," akasema mwishowe. Nilipoinuka aliongeza, "Simwambii huyu. Nakuambia wewe, jirani. Wewe utakwenda nami. Huyu atabaki amwage kombe, mahali pasipokanyagwa."

Nilikubali. Nilimsaidia kuvaa buibui, na aliniruhusu kumvalisha ndara ya mguu mzima, basi. Tuktuk ilipofika, jirani alimshika mkono upande mmoja, na upande wa pili hakuniruhusu kuushika. Alipokuwa amekwisha kuketi aliniangalia mara moja, macho makavu. "Friji uioshe yote," akasema. "Na ukishamwaga kombe, uje Msambweni na chakula. Usikae kizingitini."

Tuktuk ilipokata kona niliichukua sahani, nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye shina la mwarobaini ambapo hapana njia. Jua lilikuwa limekwisha kufika pale, na mchanga ulikuwa na joto. Nilimimina taratibu, kwa heshima, kama nilivyofundishwa. Maji ya manjano yalitandaa juu ya mchanga, yakatulia. Nilingoja yanywewe na ardhi. Hayakunywewa. Nilichuchumaa nikayagusa kwa ncha ya kidole. Yalikuwa yamesimama, magumu, ya uvuguvugu. Niliyafunika kwa mchanga safi kwa mikono miwili, nikaisuuza sahani, nikaingia jikoni kuosha friji.